Mwenyekiti wa Njia ya Misafara

Jumatatu, 14 Julai
Habari kubwa! Dakta Flavia anakuja Jumamosi. Ndiye yule ambaye michoro yake ya miji tunaikariri darasani. Anakuja na wenzake kutembea kipande cha njia ya zamani ya misafara, ile ya wapagazi wa kwenda Ujiji na kurudi pwani, kinachokatiza mitaa yetu. Wanataka ihifadhiwe kwenye mpango mpya wa mji. Na la maana kuliko yote: atachagua mwanafunzi mmoja aende naye hadi Ujiji kufanya utafiti!

Wanafunzi wa mipango miji tulio kwenye mafunzo hapa ofisi ya manispaa ni wawili tu. Mimi na Elieth, binti anayetoka kijijini Puge. Elieth huwahi kazini. Husalimia hadi mlinzi. Husoma mafaili ambayo hakuna aliyemwambia asome. Mtu wa hivyo hafiki mbali. Fani hii ni kujuana.

Mimi mpaka sasa nimetumwa chai na vitumbua. Lakini nimetumwa na wakubwa.

Jumanne, 15 Julai
Nimeanzisha chama. Umoja wa Vijana wa Mipango Miji, Kanda ya Magharibi. Mwenyekiti: Uwesu, yaani mimi. Mjumbe: binamu yangu Shamila, aliyeuliza kama kutakuwa na chakula. Mlezi: Shangazi Mwamvita, ninayeishi kwake. Sijamwambia bado. Nimetengeneza kitambulisho cha kuvaa shingoni. Neno MWENYEKITI limejaa sana, jina langu limebanwa pembeni, ila ukisogea karibu linasomeka.

Elieth amezunguka mitaani siku nzima akiwaomba watu waje kwenye mkutano wa Jumamosi, wazungumze na wageni. Wote wamemjibu watakuja. Maana yake hawaji. Nilimshauri asijichoshe. Alisema bila wenyeji, matembezi hayo yatakuwa ya kupiga picha tu. Nikamuuliza, kwani picha zina ubaya gani?

Jumatano, 16 Julai
Ushindi! Nilimwambia bosi kwamba Umoja wangu utawaongoza wageni njiani. Alikuwa kwenye simu. Akatikisa kichwa. Nimehesabu kuwa ni ndiyo.

Elieth aliuliza kama njia yenyewe naijua. Nikamjibu kwamba nimezaliwa hapa. Ni kweli nimezaliwa hapa. Ila nilizaliwa hospitali, si njiani.

Jioni nikaenda kwa Mzee Awadhi, mwenyekiti wa mtaa, fundi cherehani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaanza na babu yake aliyetoka Ujiji na mzigo wa pembe. Adhuhuri ya safari ya babu ilipofika, magharibi ya kwetu ilikuwa imeshaingia. Alinionyesha kona kwa mkono tu: hapa, pale, kisha kushoto kwenye ukuta wa mwanamke fulani. Nimezishika kichwani. Nadhani.

Alhamisi, 17 Julai
Sikuzishika. Leo nimejaribu kuipita njia peke yangu nikatokea sokoni mara mbili. Nilipojaribu tena nikatokea uani kwa watu, mama mmoja anaogesha mtoto. Nimerudi kwa Mzee Awadhi. Akaanza upya na babu.

Lakini sasa nina dawa! Kesho alfajiri nitatia alama kwenye kuta, kila penye kona. Wageni wataona mtu aliyejipanga. Kuna kopo la rangi iliyobaki Shangazi alipopaka mlango. Nyekundu, inaonekana vizuri kwa mbali.

Ijumaa, 18 Julai
Mwanzo ulikuwa mzuri. Nilianza na mishale. Mishale inachuruzika, ncha haieleweki inaelekea wapi. Nikabadili. Alama rahisi, mistari miwili inayokatana. X. Kila kona X kubwa, safi. Hata ukuta wa Shangazi umepata, maana njia inapinda hapo hapo. Nikanawa, nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Natoka msikitini mchana, mtaa mzima uko nje. Wanawake wanalia. Wanaume wanapigia simu ndugu zao Nzega na Igunga waje kusaidia kuhamisha vitu. Nikauliza kuna msiba kwa nani.

"Msiba gani!" Mzee Awadhi akanifokea. "Hujaona X? Tunabomolewa!"

X nyekundu ukutani ni alama ya nyumba ya kubomolewa. Miaka yangu yote chuoni, na sikukumbuka kitu anachokijua kila Mtanzania mwenye nyumba!

Shangazi alikuwa ameshatoa kitanda, kabati, masufuria, na picha ya marehemu mumewe aliyeijenga nyumba ile tofali kwa tofali. Amekaa kitandani, nje, katikati ya vyombo. Aliponiona akafuta macho.

"Msiwe na wasiwasi," akawaambia majirani. "Mwanangu huyu yumo humo humo ofisini. Atatusemea. Si ndiyo, baba?"

Nikasema nitafuatilia.

Nitafuatilia! Ulimi ulikuwa wangu, lakini sikuutambua. Alinipakulia wali palepale kwenye mafiga matatu. Haukushuka. Sahani ya pili ilishuka kidogo.

Jumamosi, 19 Julai
Siku yenyewe. Shangazi alilala nje kulinda vyombo. Nikajiambia nitamweleza asubuhi. Asubuhi ilipofika nikaona nimweleze baada ya wageni.

Dakta Flavia ni mfupi kuliko nilivyodhani, anavaa raba, anacheka haraka. Nilimpa mkono na kumtajia Umoja wa Kanda ya Magharibi. Akauliza wanachama wako wangapi. Nikasema tunakua.

Kona ya kwanza, umati. Sijapata kuona watu wengi hivyo mtaani kwetu, hata siku ya maulidi. Mzee Awadhi mbele, Shangazi pembeni yake. Mzee akamuuliza Dakta kwa upole wa kutisha, nani ametoa amri ya kuwabomolea bila notisi. Dakta akamtazama bosi. Bosi akamtazama Elieth. Elieth akatazama kiatu changu cha kushoto, chenye matone mekundu. Akageuza macho. Bora angesema.

Nikapanda juu ya ndoo. Nikapaza sauti kwamba zile ni alama za kitaalamu tu, za kuongoza matembezi, na kwamba...

"Umejuaje?" Shangazi akauliza.

Nikaitazama ndoo. Kuku tu ndio waliokuwa na la kusema.

"Uwesu. Ni wewe?"

"Ni mimi, Shangazi."

Alinitazama kuanzia kitambulisho hadi viatu. Kisha akainama taratibu, akavua kandambili. Nilipita katikati ya wataalamu wa mipango miji wa nchi hii kwa mbio, na mlezi wa chama nyuma yangu.

Nilijificha nyuma ya choo cha jirani. Kutoka pale nilisikia yote. Elieth aliwasalimu kwa lugha ya kwetu, mwangaluka, kisha shikamooni wazee wangu. Akawaambia hakuna nyumba inayobomolewa, hata moja. Akaacha wapumue. Akasema, kwa kuwa mko hapa wote, tuzungumze njia hii ipite vipi bila kumuumiza mtu. Na wakazungumza! Mitaro, taa, vibanda vya akina mama, babu yake Mzee Awadhi mwanzo hadi mwisho. Dakta Flavia alisema hajawahi kupata mkutano wa wananchi uliojaa namna ile.

Elieth anakwenda Ujiji. Bila mimi wasingekuja hata watu wanne. Hakuna aliyelitaja hilo.

Jumapili, 20 Julai
Nimepaka chokaa kuta za mtaa mzima. Mzee Awadhi amekaa kwenye kiti akinionyesha nilipopunja. Shangazi amenipa uji, hakunipa neno. Niliporudisha vyombo vyake ndani, na ile picha nikaitundika, ndipo aliposema, "Ungeniambia juzi ileile, Uwesu. Nisingelala nje."

Nikachukua chokaa nikatoka. Nimeirudia sentensi hiyo kila ukuta.

Ila Dakta alipita kuaga, akaniona juu ya ngazi, akauliza jina langu huku akicheka mpaka akashika ubavu. Ameuliza jina! Elieth hakuulizwa, lake alikuwa analijua tayari.

Jumanne, 22 Julai
Shangazi ameanza kunisemesha. Elieth ameondoka, alinipa mkono, akanisihi nijifunze kusikiliza watu kwanza. Nilikuwa namsikiliza kinyozi, sikumpata vizuri.

Maana kinyozi ana habari! Wiki ijayo wanakuja wataalamu wa nyuki kutoka ng'ambo, na wanatafuta mwanafunzi wa kuwatembeza kwenye mizinga. Si fani yangu? Mzinga ni mji: una vyumba, una malkia, una msongamano. Nimeshawaandikia kwamba nyuki nimekua nao. Kesho nakwenda kufanya mazoezi kwenye mizinga ya mkulima mmoja karibu na Kipalapala. Ameniazima vazi la kujikinga, nimelikataa. Linaficha uso, na kwenye fani lazima watu wakumbuke sura yako.