Biskuti za Kumrudisha Mzee

Jumatatu, 4 Machi
Mume wangu hayupo tena. Hajafa. Yuko kwa fundi viatu, anacheza drafti. Akimeza funda la mwisho la chai ananyanyuka kama kaitwa na serikali, na harudi mpaka mbu wamuume. Jioni zetu zilikuwa za kibarazani, mimi nasema, yeye anaitikia. Sasa nasemea hewa.

Nimemshtaki kwa mjukuu wangu anayesomea uuguzi. Akasema, Bibi, hiyo ni dopamini. Nikamuuliza huyo mwanamke anakaa mtaa gani. Alicheka mpaka akakaa chini, na sketi yake nyeupe ya chuo. Eti ni kitu kilichomo kwenye ubongo wa kila mtu. Ukipata kizuri ambacho hukukitegemea, kinamwagika, ubongo unajifunza: rudi palepale. Babu leo anashinda, kesho anashindwa, hajui ushindi utakuja lini, ndiyo maana haondoki.

Nimemwambia sikusoma sana, lakini mtu akiganda kwa watu namjua bila vitabu.

Jumanne, 5 Machi
Nimekwenda dukani kuulizia dopamini. Mwenye duka akakagua rafu, akasema zimeisha, zitaingia Alhamisi. Mjukuu anasema haiuzwi popote duniani. Kumbe yule mwenye duka hudanganya kila mtu.

Basi nikanunua katoni ya biskuti za maziwa, zile za kopo. Mkono mtupu haulambwi. Mzee alipotaka kunyanyuka nikafungua kopo, nikamwekea biskuti mkononi. Alishangaa. Akakaa! Nikampa habari ya harusi ya mpwa wangu yote, kuanzia posa mpaka ugomvi wa viti. Aliitikia kila kituo.

Nimelala kama malkia.

Alhamisi, 7 Machi
Leo kachukua biskuti, katia mfukoni, kaniaga.

Nikamwita mjukuu aje aone dawa yake. Akasema dawa si yake, na babu ameshazoea. Jambo likishategemewa haliushtui tena ubongo. Sasa kinachomsisimua ni mlio wa mfuniko wa kopo, si biskuti yenyewe. Na nikifungua kopo halafu nisimpe, atanuna. Nilimuuliza kwa nini hakunieleza haya kabla sijanunua katoni nzima. Akasema sikumwacha amalize kusema. Watoto wa siku hizi wana majibu.

Lakini hapo hapo akili ikanijia. Kama ni mlio anaoutaka, nitampelekea mlio.

Ijumaa, 8 Machi
Nilisimama kona ya njia na kopo langu, nikafungua mfuniko kwa nguvu. Mzee akainua kichwa kule kibandani kwa fundi. Nikafungua tena. Akaja! Miguu inayomuuma kila ninapomtuma maji leo haikumuuma.

Nyuma yake fundi viatu, ubao wa drafti kwapani.

Wakakaa kibarazani kwangu, wakapanga vizibo vya soda, wakacheza na kula biskuti zangu. Nilianza habari ya mpangaji aliyehama, wote wawili wakaguna bila kunitazama. Fundi akasema, shemeji, biskuti si mbaya, ila siku nyingine tafuta za tangawizi. Nikamwambia shemeji anayechagua hupewa maji ya bomba.

Jumapili, 10 Machi
Nimekwenda mwenyewe kibandani kumaliza mambo. Gundi inanuka, viatu vya watu vimelala midomo wazi, na mume wangu katikati, kajikunja kama kuku anayeatamia. Nikamwambia nyanyuka, twende. Akasema, mama, bado kidogo.

Fundi akajitia mcheshi. Eti shemeji akinishinda mchezo mmoja, namrudisha mzee wako na simkaribishi tena. Watu wakacheka, kinyozi wa mlango wa pili akacheka zaidi ya wote. Sipendi kuchekwa na mtu aliyeshika mkasi. Nikavuta kiti.

Nikaliwa kizibo. Nikaliwa tena. Mzee akawa ananikonyeza niache, nikamwambia aangalie mbele. Mara fundi akasukuma kizibo kijinga, na mimi nikaona njia: nikala vitatu kwa mpigo, nikaingia kingi, kizibo changu kikawa mfalme, nikamshinda! Kitu kilinipanda kutoka tumboni hadi kwenye kope. Mjukuu angekuwepo angesema ni dopamini. Dopamini gani? Ni akili.

Fundi akasema neno ni neno. Mzee akapewa kofia yake akaenda nyumbani. Mimi nilibaki kidogo, kumtia fundi adabu. Hakutiwa. Alinishinda mpaka taa zikawashwa.

Jumatano, 13 Machi
Kazi imekwisha. Mzee yuko kibarazani kila jioni, ametulia, hana pa kwenda.

Mimi huenda kibandani kuhakikisha tu fundi hamwiti. Na ukishafika huwezi kusimama kama mlingoti, lazima ucheze. Juzi sikushinda. Jana sikushinda. Leo nilikaribia sana.

Kuna mtu ameunguza maharage. Niliyabandika mimi, lakini Mzee alikuwa karibu na ana pua. Mjukuu akasuguasugua sufuria, akaniuliza nakumbuka vipi kila kizibo cha Jumapili na nasahau moto wa leo. Eti ubongo hushika zaidi kilichoufurahisha ghafla. Akaanza, Bibi, unajua wewe sasa... Nikamkatiza. Mgonjwa alikuwa babu yake na nimemponya, chuo kizima kije kujifunza kwangu.

Magharibi Mzee alikuja kibandani. Akasema kapika mwenyewe, chakula kinapoa, na ana habari ya kunisimulia. Nikamwambia asimame upande ule, ananizibia mwanga, namalizia huu mmoja. Alisimama mpaka nikaliwa mara nne. Njia nzima kanuna. Wanaume hawana subira.

Kesho nitawahi, kinyozi asije akakalia kiti changu. Fundi yule bila kulindwa atamharibu tena mume wangu.