Kuhusu Mlinzi wa 275 Aliyefungwa Nyumbani Kwangu na Mwanao

Kwa Ndugu yangu, Mzazi Mwenzangu Mtarajiwa,

Natumai barua hii itakukuta mzima, nawe utaisoma ukiwa umekaa. Huku sisi ni wazima, ukiniacha mimi, ambaye sina raha tangu mwezi uliopita.

Unajua kwamba mwanao, fundi umeme, anataka kumuoa binti yangu. Unajua pia kwamba sikuwa na neno. Sasa ninalo. Friza la mama watoto, analogandishia barafu za kuwauzia watoto wa shule, liliungua mwaka jana umeme uliporudi kwa kishindo. La pili amelipata kwa jasho lake, na ameniapia kwamba na hili likiungua, nitalala stoo pamoja na lile la kwanza. Kwa hiyo mwanao alipojitolea kutufungia kinga, nilifurahi hadi nikamshikia ngazi. Kosa langu ni hilo. Nilikuwa karibu mno, nikaona alichofunga.

Mimi nimekuwa mlinzi wa geti kiwandani miaka thelathini na mmoja. Ulinzi naujua. Naomba unisikilize.

1. Alichofunga ni kidude cha bluu, cha duara, kama kifungo cha koti, chenye miguu miwili. Yeye anakiita varista. Kazi yake, anasema, ni kukaa kimya umeme ukiwa wa kawaida, na ukipanda ghafla kuumeza usifike kwenye friza. Vizuri. Lakini kimeandikwa 275, na umeme wetu ni volti 240! Nilimuuliza kwa upole zile thelathini na tano za katikati zinalindwa na nani. Akanijibu, mbele ya binti yangu, kwamba 240 ni kama wastani tu, kwamba umeme wenyewe hupanda hadi karibu 340 na kushuka, mara hamsini kila sekunde, na kwamba siku nyingine huzidi kidogo, kwa hiyo lazima kidude kiachiwe nafasi ya kupumua. Ndugu yangu, pale getini sikuwahi kumwachia mtu nafasi ya kupumua.

2. Mbele ya kidude, kwenye waya wake peke yake, ameweka fyuzi. Nikauliza ya nini. Eti kidude kikishindwa, fyuzi ikitenge kabla hakijawaka moto. Yaani kaajiri mlinzi, kisha kaajiri mlinzi wa kumlinda mlinzi. Kiwandani tungeitwa ofisini kwa mchezo huo.

3. Hili ndilo lililoniuma. Mwanao anasema kidude kila kinapomeza kishindo kinachoka kidogo, na siku moja kitakufa, nasi tutakibadilisha. Alilisema hivi hivi tu, akijifuta mikono. Mimi nilipostaafu na goti langu bovu nilipewa saa ya ukutani, na kesho yake kulikuwa na mtu kwenye kiti changu. Sasa mtu anayemzungumzia mlinzi namna hiyo, binti yangu akichoka atamfanyaje?

4. Anakuja kukikagua kila wiki. Ukaguzi huchukua saa tatu. Binti yangu humshikia tochi, mchana kweupe.

Kwa sababu hizo naomba, kwa heshima zote, posa isimame mpaka mwanao alete kidude kisichozidi 240, kisichochoka, na kisichohitaji mlinzi wake. Na kwa kuwa friza haliwezi kungoja, leo asubuhi nimezima swichi kubwa (mimi si mjinga), nimekitoa cha kwake, na nimeweka nilichokichagua mwenyewe kwenye duka la vipuri vya redio. Kimeandikwa 130. Muuzaji aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Ninao. Huyu ni mlinzi anayemsimamisha mtu akiwa bado barabarani. Nikishatia sahihi nitawasha, ili niwe na ushahidi.

Nisalimie mama wa fundi, shangazi zake wote, na yule babu mwenye kikohozi. Mwambie kijana kwamba simchukii.

Ni mimi, nisiye na kinyongo ila mwenye mashaka,

Baba wa Binti,
Mlinzi Mstaafu, Geti Kuu.

Nyongeza: Mwandiko umebadilika kwa sababu sasa anaandika binti yangu, mimi nimeshikilia kitambaa cha maji usoni. Niliwasha. Mlinzi wangu wa 130 alimkamata kila aliyepita, mwizi pamoja na mwenye nyumba, akapasuka kwa mlio uliomtoa jirani bafuni na povu lake. Nyusi zangu zitaota tena, nimehakikishiwa. Ila moto haukuwaka, kwa sababu ile fyuzi ya mwanao ilikata, na friza linanguruma hapa ubavuni mwangu kana kwamba halikusikia kitu. Mama watoto amesimama kwenye mlango wa stoo. Fyuzi imefia kazini. Kijana asiitupe, nataka kuiweka kando ya saa yangu ukutani. Njooni Jumamosi, mje wote, na yeye aje na cha 275 na fyuzi mpya. Geti liko wazi. Binti anacheka huku anaandika, na nimemwambia aandike hilo pia.