Hema Langu Katika Bustani ya Miiba

Ijumaa, 1 Agosti 1958

Nimo! Kesho napanda treni kwenda Longonot, mimi na kina mama wengine saba wa chama chetu, na tutalala kwenye mahema. Mahema! Tunakwenda kwa Memsabu Peterson, mwenye bustani ya mimea ya jangwani kutoka pande zote za dunia. Na si hilo tu. Atachagua mmoja wetu awe mkuu wa bustani mpya mbele ya ukumbi wetu hapa Nakuru. Huyo atatolewa picha gazetini.

Huyo ni mimi. Kizuizi ni kimoja: Cheptanui. Ni mwenyekiti wetu, na ni jirani yangu ukuta kwa ukuta katika nyumba za reli. Maua humwotea huyu hata akiyatazama tu. Basi nimejitolea kugawa mahema. Wakanipigia makofi! Hawajui kuwa hema moja lina tundu la kupita mbuzi. La Cheptanui ndilo hilo. Baridi ikimkesheza, asubuhi atakuwa anapiga miayo mbele ya Memsabu.

Obura, mume wangu, ameuliza najua nini kuhusu jangwa. Nimemjibu nimeishi naye miaka tisa, ukame naujua. Akarudi kwenye chai yake.

Jumamosi, 2 Agosti

Treni! Tumeimba kutoka Nakuru hadi Gilgil, na sauti yangu ilikuwa juu ya zote. Halafu ziwa la Naivasha, halafu mlima wenyewe, mkubwa, umekatwa kichwa. Vumbi mpaka kwenye meno. Sijafurahi hivi tangu nivunje ungo.

Hema langu nimelisimamisha mahali pa maana, kwenye mteremko kando ya njia ya Memsabu, ili akiamka aone uso wangu kwanza. Akapita kutukagua. Akaona tundu la Cheptanui. Akasema haiwezekani, mwenyekiti hatalala hivyo. Amemchukua nyumbani kwake! Kitanda! Godoro! Maji ya moto! Mpishi ametuambia wanakunywa kakao na kuzungumza habari za maua.

Mimi nateleza. Kila nikipumua nashuka kidogo. Miguu imeshatoka nje. Naandika haraka kabla sehemu nyingine hazijafuata.

Jumapili, 3 Agosti

Jamani, bustani! Mmea mnene kama ngoma. Mwingine mrefu kuliko nguzo ya simu. Mwingine una nywele nyeupe kama babu yangu. Mishubiri ina maua mekundu kama makaa. Mto hakuna, mvua hakuna, na kila kitu kimenona! Kwa muda nilisahau kabisa mipango yangu.

Kisha nikaikumbuka. Nikamwambia Memsabu kwamba ule wenye nywele tunao kwetu Nyanza, nyanya yangu aliuchemsha kutibu kikohozi. Alifurahi mno! Akauliza unaitwaje kwa Kijaluo. Jina la kwanza lililonijia mdomoni ni Akoth. Akoth mwenyewe, mwenzetu wa chama, alikuwa nyuma yangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Memsabu alilirudia jina lile mara tatu, kwa heshima.

Basi nikageukia njia nyingine. Kulikuwa na dungusi dogo la mviringo, miiba tupu, lenye ua moja la waridi kama kifungo cha gauni. Hakuna aliyetazama. Nikaling'oa, nikalificha ndani ya kilemba changu. Nani hupekua kichwa cha mwenzake?

Hapo hapo Memsabu akatuita. Akatangaza mkuu wa bustani: Cheptanui. Akatangaza pia kwamba kila mmoja wetu achague mmea wa kwenda nao nyumbani, bure. Akasema yale madogo ya mviringo yamezidi, anatafuta wa kumpunguzia.

Nikapiga makofi. Cheptanui, kwa furaha, akaja akanikumbatia kichwa.

Nikapiga ukelele uliosikika hadi stesheni. Kina mama wakafuta machozi. Wakasema tazameni Anyango anavyompenda mwenzake.

Jumatatu, 4 Agosti

Kilemba kimekataa kutoka. Miiba imekishona kwenye nywele. Ndani ya treni nilikaa wima kama askari wa gwaride. Cheptanui akanitazama mara moja tu, akaelewa. Akaniketisha dirishani, akawaambia wengine kichwa kinaniuma. Akatoa kibanio chake cha nyusi, akaanza kazi. Mwiba mmoja mmoja, kutoka Naivasha hadi Nakuru.

"Tulia, Mama Achieng'," akaninong'oneza. "Ungeniambia ulivyolitaka, ningekuombea mimi mwenyewe."

Nililia. Ni kwa sababu ya miiba.

Tulipofika stesheni akaniomba niwe msaidizi wake. Alisema peke yake hataweza, na mimi siogopi watu. Nilikaribia kabisa kumwambia habari za lile tundu. Lakini njiani nikafikiri vizuri. Mtu hakutendei wema wa namna hii bure.

Ananiogopa!

Alhamisi, 7 Agosti

Siku yangu ya kwanza kama msaidizi! Asubuhi Cheptanui amenieleza kwamba madungusi hayanyweshwi maji mpaka mwezi ujao, eti ndivyo alivyofundishwa na Memsabu. Nimeitikia kwa kichwa. Mwezi mzima! Anadhani sioni? Anataka langu lidumae.

Nimelimwagilia tangu Jumatatu, asubuhi, mchana na jioni, na maji ya vyombo juu yake. Na limeitika! Limegeuka rangi ya dhahabu. Limelainika pia: ukilibonyeza, kidole kinazama kama kwenye ugali. Obura anasema linaoza. Obura ni gadi wa treni, mimea ataijulia wapi?

Mchana huu Cheptanui alipokwenda sokoni nimeyamwagilia na yale ya Memsabu yaliyopandwa mbele ya ukumbi. Yote. Si maji, nimeyapa uji, wa vuguvugu, wenye sukari.

Atanishukuru.