Mbuzi wa Mashahidi wa Makanyagio

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi. Mjini Mpanda jua lilikuwa limeshakuwa kali, vumbi limetanda, na angani hapakuwa na wingu hata la kusingizia. Kalisti alinunua maandazi manne kwa Zakia, kando ya steshenari ya Aneth pale Makanyagio. Andazi la kwanza alilila. La pili aliliacha hewani, kati ya mkono na mdomo, kwa sababu alikuwa ameanza kusoma karatasi iliyofungiwa maandazi hayo.

Ilikuwa nakala ya mkataba iliyochapwa vibaya. Aneth alikuwa na desturi ya kumpa Zakia karatasi zake zote zilizoharibika, na Zakia alizifungia maandazi. Karatasi hii ilieleza kila kitu ambacho mwizi angepaswa kukitafuta kwa jasho. Scolastica, mwalimu mstaafu, anauza nyumba. Eufrazia, mfanyabiashara wa asali wa Inyonga, anainunua. Bei ni shilingi milioni kumi na nane, malipo ni Ijumaa kwa njia ya benki. Namba za simu za wote wawili zilikuwepo, zimelowa mafuta lakini zinasomeka.

"Dada Zakia, karatasi hizi unazitoa wapi?"

"Kaka, umekuja kula au kusoma?"

"Mimi nikila nasoma. Ndiyo faida ya shule."

"Basi futa mdomo, msomi."

Inafaa tumtambulishe bwana huyu. Kalisti hakuwahi kushika jembe wala chaki. Alijiita dalali, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiuza hata banda la kuku. Aliwadharau watu wanaofanya kazi, na kwa sababu hiyo pekee alijihesabu kuwa mtu wa akili.

Saa sita mchana alitia kwenye simu laini aliyoinunua kwa mtu asiyeuliza maswali, akaandika: "Eufrazia mwanangu, ni mimi Mwalimu Scolastica. Simu yangu imeingia maji. Ile akaunti ya kwenye mkataba ina matatizo. Weka hela kwenye hii, ni ya kampuni ya kijana wangu. Usinipigie, mafua yamenikausha sauti."

Robo saa ilipita. Kisha Eufrazia akapiga. Kalisti alifunika mdomo kwa taulo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," alikoroma.

"Pole sana. Mafua gani haya? Unasikika kama babu yangu."

"Ni vumbi, mwanangu. Akaunti umeiona?"

"Nimeiona. Hela ninayo, hata leo naweza kuiweka. Tatizo ni mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Jamani, Mwalimu! Mbuzi wa mashahidi. Si ulisema utamtoa wewe muuzaji? Majirani wamegoma kusaini mpaka wamwone. Mtumie Gervas mchinjaji laki mbili, namba yake nakusomea. Akithibitisha tu, mimi naingia benki."

Kalisti alikuwa amezunguka mji mzima akiwacheka watu wanaotuma hela kwenye namba waliyosomewa kwa simu. Sasa aliiandika namba aliyosomewa kwa simu. Hakumuuliza mtu yeyote Gervas ni nani. Hakufika buchani, ingawa kwa bodaboda ni dakika tano. Laki mbili hakuwa nazo. Aliuza godoro, feni na redio. Mnunuzi alimlipa kwenye laini yake ya kila siku, ile yenye jina lake halali, naye kwa haraka ya milioni kumi na nane akatuma kutoka laini hiyohiyo.

Saa kumi jioni ujumbe uliingia.

"Mbuzi amefika kutoka Mwamkulu, dume la haja. Ahsante, Kalisti Zefania. Jina lako tumeliona hela ilipoingia, na polisi tumewapelekea. Mwalimu yuko hapa anachambua mchele. Kabla ya kukupigia wewe, nilimpigia yeye, kwa namba aliyoniandikia kwa mkono wake siku niliyokuja kuiona nyumba. Hana mafua. Anauliza ya kwako yamepona?"

Gervas alichinja Jumatano, na mashahidi walisaini kwa vidole vyenye mafuta. Ijumaa Eufrazia alilipa kwenye akaunti ya mkataba, dirishani benki, Mwalimu akiwa amesimama pembeni yake akiisoma namba kwa sauti, tarakimu moja baada ya nyingine. Mwalimu alikabidhi funguo. Aneth alianza kuchana karatasi zake vipande vipande. Zakia alihamia kwenye magazeti ya zamani. Kalisti alikata tiketi ya basi la Inyonga, na askari wawili walimshusha kabla halijaondoka. Kituoni aliulizwa kazi yake. Alijibu kwamba ni dalali. Waliandika: hana kazi.