Mapumziko ya Pampu

Jumapili, 5 Oktoba

Wawili wamekufa. Nimewakuta asubuhi wakielea, matumbo juu. Jumapili iliyopita alikufa mmoja. Ile ya kabla yake, mmoja tena. Kuna mtu ananiroga, na nadhani namjua.

Niandike vizuri ili siku moja wajukuu waelewe. Nilianza na tilapia sitini. Wamebaki hamsini na sita, ndani ya tangi la maji ya mvua la mke wangu, Mama Purity. Pampu ndogo ya stima huvuta maji machafu ya samaki na kuyapandisha kwenye sanduku la kokoto nilikopanda mboga ya chinsaga, yaani mgagani. Mboga hula uchafu, maji hurudi kwa samaki yakiwa safi. Gesima nzima hakuna mwingine mwenye kitu hiki!

Tangi Mama Purity alilipata kwenye chama chake cha akina mama. Ameniazima hadi mwisho wa mwezi. Samaki wakiendelea kufa, tangi linarudi chini ya paa, nami narudi kuwa mtu wa kuchuma majani chai tu. Kwa sasa yeye huteka maji chemchemini, mara tatu kwa siku, na hajanung'unika. Namshukuru Mungu kwa mke huyu.

Jana Sabato ilienda vizuri. Pampu ilipumzika kama kawaida, tangu jua lilipotua Ijumaa hadi lilipotua jana. Hilo ni wazo langu mwenyewe. Ikiwa punda hafanyi kazi Sabato, mashine ni nani? Nilipolitangaza kanisani mwezi uliopita, Mzee Onyiego, mzee wetu wa kanisa, alinitazama kwa muda mrefu. Alivutiwa. Mashemasi wapya wanachaguliwa mwisho wa mwezi.

Jumatatu, 6 Oktoba

Samaki wameota kitu cheupe mgongoni, mfano wa pamba. Jirani yangu Ombok amesimama kwenye ua akawatazama, akaguna. Ombok ni fundi wa friji pale Nyamira mjini, mtu wa Homa Bay, na anajiona anajua samaki kwa sababu alizaliwa karibu na ziwa. Ni yeye anayeniroga. Wivu tu.

Nimeenda kwa Beverlyne, yule wa duka la dawa za mifugo. Amesema ni ukungu, huwapata samaki walionyimwa hewa au walio kwenye maji mabaya. Dawa ni chumvi ya mawe. Niichanganye kwenye beseni, pembeni, niwaogeshe samaki wachache wachache kwa dakika kumi, kisha niwarudishe. Akarudia mara mbili: kwenye beseni, si kwenye tangi.

Binti mzuri, lakini hana haraka ya maisha. Samaki hamsini na sita kwa beseni! Nimemimina kilo tano tangini moja kwa moja. Wataoga wote pamoja, na wataoga mchana kutwa. Nashukuru kwa akili niliyopewa.

Jumatano, 8 Oktoba

Chinsaga imelala. Majani yote yameangalia chini, kingo zimeungua. Mama Purity amechuma iliyosalia, akapika, akasema hakutia chumvi na bado mboga ina chumvi. Nimemweleza kwamba hiyo ni faida ya mfumo wangu. Mboga inatoka shambani ikiwa imeshaungwa.

Hakucheka. Ameuliza nimefanya nini kwenye tangi lake. Nimesema dawa. Ameuliza dawa gani. Nimekumbuka kwamba ng'ombe hajapewa majani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Aibu. Mama Purity amemwita Ombok bila kuniuliza.

Amekuja saa kumi akitoka kazini, na sare yake ya ufundi. Ameonja maji kwa kidole, ametema, amenitazama. Nilijiandaa kwa matusi. Ameniambia tu, ndugu yangu, hawa ni samaki wa maji baridi, umewapeleka baharini. Kisha amekunja mikono. Tumemwaga zaidi ya nusu ya maji, na yeye akaleta mitungi kumi na miwili kutoka kwenye mapipa yake mwenyewe. Mkewe Akong'o amebeba minne. Wale wenye pamba zaidi amewaogesha kwenye beseni, watatu watatu, akitazama saa, akiwasemesha kwa Kijaluo. Nilitaka kumchukia nikashindwa.

Akasema ugonjwa huu una chanzo na lazima tukijue. Ameuliza kama stima huwa inapotea hapa kwangu. Nimesema haijapotea hata siku moja. Sijadanganya. Stima haijapotea.

Nimemwondoa kwenye orodha ya wachawi. Mungu ambariki huyu mtu na watoto wake.

Ijumaa, 10 Oktoba

Samaki wanakula! Wamebaki arobaini na tisa, lakini wanakula. Nimetembea shambani nikiimba.

Habari nyingine kubwa. Mzee Onyiego na wazee wawili watakuja kesho baada ya ibada, kuona mradi. Huo ni ukaguzi wa shemasi, sihitaji kuambiwa. Mama Purity amepika leo kwa ajili ya kesho. Nimemwambia asiguse tangi, kila kitu kiko sawa.

Jua linatua. Naenda kuizima pampu.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Wazee walikuja jana saa nane. Niliwapeleka kwenye tangi nikiwa nimevaa tai. Samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo nje, wakihema. Niliwaambia wazee wamekuja kuwasalimia. Mzee Onyiego akauliza mbona maji yametulia hivyo. Nikamweleza kwa sauti ya kanisani kwamba mashine inaadhimisha Sabato.

Akaitazama pampu. Kisha akauliza kama ng'ombe wangu amekamuliwa leo. Nikasema ndiyo, alfajiri. Akasema wake pia, na amekamua ng'ombe kila Sabato kwa miaka arobaini, kwa sababu maziwa hayajui siku. Akasema mnyama aliyefungiwa ni wa kulishwa na kunyweshwa siku zote, na hewa ya hawa samaki inatoka kwenye ile pampu. Akainama, na magoti yake mabovu yale, akaiwasha mwenyewe. Yule mzee. Siku ya Sabato.

Halafu akaona jagi kando ya tangi, akauliza ni la nini. Mama Purity akainamisha kichwa. Akasema kila Sabato, mimi nikilala baada ya chakula, yeye huja hapa na jagi. Huteka maji na kuyamwaga kutoka juu, tena na tena, ili yapate hewa, na huongeza mtungi mmoja wa chemchemi. Ndiyo maana walikuwa wanakufa mmoja au wawili badala ya wote. Jana hakupata nafasi kwa sababu ya wageni.

Mzee akamwuliza mbona hakuniambia. Akasema aliniambia mara mbili, nikamjibu kwa maandiko. Akasema hata hivyo yeye hawapendi samaki. Ni vile Baba Purity anavyokaa kwenye jiwe Jumapili asubuhi akiwa na samaki mfu mkononi. Hawezi kuvumilia kuiona ile sura.

Nililia mbele ya wazee watatu, tai ikalowa. Maji ya kunywa aliyobeba mgongoni kutoka bondeni aliwapa samaki wangu. Sistahili. Leo nimeenda chemchemini mara tatu mimi mwenyewe, na mgongo umenifundisha upya mke wangu ni nani.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mwisho wa mwezi. Samaki arobaini na nne, wanene, hakuna pamba. Pampu imefanya kazi Sabato mbili mfululizo. Sikuchaguliwa shemasi, nimepewa kupanga viti. Nimekubali kwa furaha.

Nilisafisha paa na mfereji, nikawa tayari kurudisha tangi. Mama Purity amelizunguka tangi mara moja, akasema wabaki hadi Krismasi. Nilimshika mikono yote miwili. Sijui niliwahi kumfanyia nini huyu mwanamke.

Jumapili, 2 Novemba

Nimekuwa nikifikiria deni la shukrani. Mama Purity nimemshukuru, namtekea maji. Mzee Onyiego nimempelekea ndizi. Beverlyne nimemwomba radhi. Amebaki Ombok, aliyewaokoa samaki kwa mikono yake, na zawadi zote nilizompelekea amezikataa.

Jana nikawaza. Tumeheshimu siku yetu sisi Wasabato, tena vibaya. Siku ya Ombok hatujaiheshimu hata mara moja! Yeye ni Mkatoliki, siku yake ni Jumapili, na samaki hawa ni wake nusu.

Kwa hiyo leo alfajiri, kwa heshima ya jirani mwema, nimeizima pampu. Mama Purity yuko Nyamache kwa dada yake hadi jioni, kwa hiyo hakuna wa kunivuruga. Ombok akitoka misa nitamleta hadi kwenye tangi na kumwonyesha.