Tembo ya Mama Jeptoo

Ferdinand hakukosa chai ya bure baada ya ibada hata siku moja, na Jumapili hiyo, katika kanisa moja la Gaithersburg, Marekani, chai ilimlipa. Nyuma yake Wakenya wawili walikuwa wakinong'ona: "Tembo ya Mama Jeptoo iko kwa gereji. Ndoo nne. Watu wa Columbia wanaikujia Jumamosi."

Kwao Bukavu, Kongo, tembo ni mnyama, basi. Ferdinand aliona akilini pembe zimekatwakatwa na kujazwa ndoo, akasahau kumeza andazi.

Ijumaa alibisha mlangoni kwa Mama Jeptoo, amevaa kizibao chenye mifuko na kitambulisho shingoni. Kitambulisho alikiokota alipokuwa akiegesha magari ya wajumbe wa mkutano wa wanyamapori, kwenye hoteli moja mjini Washington. Kibarua hicho cha siku tatu ndicho alichokiita sasa miaka ishirini na miwili ya utumishi, kutoka Geneva mpaka Bangkok.

"Mama, miye ni ofisa wa kimataifa. Tunajua yote juu ya tembo."

Mama Jeptoo alishika fremu ya mlango. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama, na alishawafukuza wanakwaya wawili kwa kuwanusa bia midomoni. Kikijulikana kilichomo gerejini, cheo kwisha.

"Ni ya harusi tu, officer. Watu waonje kidogo."

"Waonje?" Ferdinand alitetemeka kwa hasira ya kitaalamu; kumbe hata nyama ipo. "Batu bangapi balishaonja?"

"Sijahesabu. Tafadhali, Pastor asijue."

"Nitabeba yote. Hakuna mutu atajua."

"Basi andika ni yako. Mimi sina tembo hapa."

Hilo aliliandika kwa moyo mkunjufu, maana ndivyo alivyokwisha kuamua: *Tembo hii yote, ndoo nne, ni mali yangu. Ferdinand.*

Alikuwa amebeba ndoo ya mwisho wakati gari la Mchungaji Kipkemboi lilipoingia uani. Alishtuka, ndoo ikamponyoka, kifuniko kikaruka, na pombe iliyochachuka siku sita ikamlowesha mpaka soksi. Ndipo ofisa wa kimataifa alipojifunza kwamba kwa Wakenya tembo hunywewa.

"Hii ni nini?" Mchungaji aliuliza.

"Ni tembo ya huyu ndugu," alisema Mama Jeptoo, akimkabidhi ile karatasi. "Alikuja kuniuzia, mimi nikaanza kumshauri. Amekiri mwenyewe, hata ameandika."

Ferdinand angesema nini? Kwamba alikuja kuiba pembe za ndovu kwa cheo cha kuokota? Alipiga magoti kwenye lami, amelowa chepechepe, akatubu ulevi wa watu wengine.

Mama Jeptoo alimwekea mkono kichwani, akaomba kwa machozi karibu robo saa. Kisha, Mchungaji akiwa bado amefumba macho, alimwinamia sikioni.

"Ndoo ni zangu. Nirudishie Jumatatu, na uzioshe."