Herufi Zinazocheka Kwenye Kibao cha Bi. Sitara

Darasa la Kisomo,
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Juni, 1975

Ndugu Afisa wa Elimu ya Watu Wazima,

YAH: MWENENDO WA HERUFI ZA HOTELI YA BI. SITARA

Salamu nyingi, na pole na kazi. Mimi ni mwalimu wa kisomo, na ninakuandikia kwa heshima zote kushtaki kibao. Mtihani wa watu wazima unakaribia, na nisipopata msaada wako darasa langu litaanguka kwa sababu ya rangi nyekundu na ya njano.

Kibao chenyewe kimetundikwa mkabala na dirisha letu. Kinasema HOTELI YA SITARA, CHAI, SUPU NA VITUMBUA. Maneno hayana kosa. Ubaya uko kwenye herufi, ambazo fundi Zahoro amezichora kwa mkono, na kwa furaha isiyo na kibali. Malalamiko yangu ni haya:

1. Herufi hazina nidhamu. O ina macho na meno. H imeshika kiuno. S na U za supu zimeegemeana mchana kweupe, mbele ya watu wazima wenye familia zao.

2. Wanafunzi wameacha kutazama ubao. Herufi zangu za chaki zimesimama wima na hakuna anayezitaka. Nikigeuka, wote wanaangalia dirishani, wanasoma. Wanasoma kwa sauti, Ndugu Afisa, bila ruhusa yangu.

3. Bi. Hyasinta, muuza bamia sokoni, amekaa kwangu muda mrefu bila kuandika hata jina lake. Juzi ameliandika lote, na Y yake imeinua mikono kama iliyo ngomani. Nilipomwambia arudie kwa herufi za serikali, alinijibu kwa upole kwamba hizo zimenuna, na watu walionuna anao wa kutosha nyumbani. Iliniuma, sikufichi.

Nikamwendea Zahoro azinyooshe. Akasema herufi ikinuna mteja hapiti mlangoni. Sasa mtu kama huyo utabishana naye vipi?

4. Hili likiachwa litaenea. Leo ni vitumbua, kesho ni vyeti vya kuzaliwa vyenye herufi zinazocheza, keshokutwa ni risiti ya kodi inayomkonyeza mlipaji. Adui ujinga hapigwi kwa kuchekacheka. Mgeni rasmi akija atadhani nchi nzima iko harusini.

Kwa hiyo naomba kibao kishushwe, Zahoro apelekwe darasa la mwandiko, na O ing'olewe meno kabla ya mtihani.

Nisalimie wote ofisini, hasa Ndugu Winifrida mpiga chapa, ambaye herufi zake hazijawahi kumchekea mtu. Salamu pia kwa mama watoto na majirani zako wote.

Ni mimi, mwenye mistari iliyonyooka,
Wilbert Tarsis
Mwalimu

N.B. Kabla sijaifikisha barua hii Posta, mtihani umefanyika na majibu yakatolewa papo hapo. Wamefaulu wote ila Bwana Uwesu, mchukuzi wa mizigo. Alipoandika jina lake alikwama kwenye W, kwa kuwa kibaoni haimo, ingawa mimi nimeiandika ubaoni kila wiki. Alitoka ameinamisha kichwa, nami nikaona haya. Atarudia mwezi ujao. Tafadhali Zahoro asiguswe. Nimekwisha kumnunulia kopo la rangi ya kuchorea W, na Bi. Sitara amekubali kuanza kupika wali.